Mumeo Hajamwacha Mungu, Mwanangu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka sita ya ndoa. Mimba yetu ya pili nayo iliharibika, kama ya kwanza, miezi michache iliyopita, na tangu hapo mume wangu hataki tuombe pamoja. Ibadani anakuja, lakini haimbi. Usiku mmoja nilimkuta sebuleni, taa imezimwa, anasema kwa sauti, "Ulikuwa wapi?" Nikamkemea kwa kukufuru, na kesho yake nikamweleza mchungaji na mama mkwe. Mimi imani yangu haijatikisika hata kidogo, ingawa siku hizi silali, na nikipiga magoti maneno hayaji. Nifanye nini arudi kwa Mungu? – Mke mwenye imani*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mimba zote mbili. Hao walikuwa watoto wako, na asikuharakishe mtu kuwasahau.

Barua yako inamshitaki mumeo, lakini ushahidi wote uliouleta unamtetea. Mtu amekaa gizani peke yake, anauliza, "Ulikuwa wapi?" Alikuwa anamuuliza nani? Wewe hakujua kama upo. Aliyeachana na Mungu hana tena wa kumuuliza swali hilo. Mumeo alikuwa anaomba, nawe ukaingia ukamkatiza sala.

Unasema ni kufuru. Basi futa na Zaburi ya 13, inayoanza kwa kumuuliza Bwana atamsahau mja wake hata lini. Futa na ya 88, ambayo haigeuki kuwa shangwe hata mwishoni; inaishia gizani, na bado watu wa Mungu wameitunza na kuisali. Ayubu alilalamika sura baada ya sura, huku rafiki zake wakimtetea Mungu kwa hoja nzuri nzuri. Mwisho wake Mungu aliwakasirikia hao watetezi, akasema Ayubu ndiye aliyenena sawa habari zake, tena wakamtegemea Ayubu huyo huyo awaombee. Wewe, mama, umekaa upande wa akina Elifazi, rafiki hao wa Ayubu.

Na hili la imani kutotikisika hata kidogo, sikuamini. Hulali. Maneno hayaji. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nionavyo mimi, swali la mumeo lilikutisha kwa sababu ni lako pia, ukakimbilia kumsema kwa watu ili usilisikie likitoka kinywani mwako.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu. Kanisani mtu akiitikia "Mungu ni mwema" sauti inafika barabarani, na nyumbani wawili hawawezi kuambiana "naumia". Mke anampima mume imani, mume anampima mke, na atakayeteleza kidogo habari zake zinafika kwa wakwe kabla hajainuka. Siri ya kitanda na siri ya magoti zilitunzwa pamoja zamani. Nani atathubutu kusema ukweli mbele ya mwenzake akijua kesho utajadiliwa kwa mama yake?

Rudi kwa Marko sura ya 9. Yule baba mwenye mtoto mgonjwa alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Bwana Yesu hakumwambia akatengeneze imani kwanza ndipo aje. Alimponya mtoto palepale, shaka ya baba ikiwa bado mbichi. Hana, mama yake nabii Samweli, naye alilia hekaluni kwa uchungu wa kukosa mtoto, midomo ikitikisika bila sauti, hadi kuhani Eli akadhani amelewa. Sikuahidi kwamba utapata alichopata Hana. Hilo halimo mikononi mwangu wala mwa mchungaji wako. Ninalojua ni kwamba alimimina uchungu wake jinsi ulivyo, na Mungu hakumfukuza.

Kwa hiyo acha kutafuta namna ya kumrudisha mumeo. Mwombe radhi, kwa kumkemea na kwa kumtangaza. Kisha mwambie ulichoniandikia mimi kwa kujificha: kwamba nawe hulali, na sala imekukauka. Akiuliza tena "Ulikuwa wapi?", kaa karibu naye uulize naye. Kwa mama mkwe nenda mwenyewe, ukaseme mwanawe hajapotea ila ulimsema vibaya. Na huko kutolala, baada ya mimba kuharibika, mweleze daktari wiki hii hii. Sikutumi kwa mchungaji kwa jambo la hospitali.