Desemba ukienda Moshi, wahi kabla mbege haijapikwa

Kwa miaka kama tisa hivi mi nilikuwa nafika nyumbani Kibosho tarehe 24 usiku. Kazi za Dar zinaisha tarehe 23, unafunga begi, unagombania siti ya basi, unakula njia kilomita zaidi ya 500, Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Mwanga, mpaka unaziona taa za Moshi mjini, hapo bado bodaboda ya kupandisha mlima, unafika saa tano usiku umechoka hoi na mama amekuwekea maji ya moto na bakuli la mtori. Kesho yake kanisani, mchana mbuzi, jioni mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, tarehe 26 kuzunguka kwa ndugu, tarehe 28 umesharudi zako mjini. Hiyo ndo ilikuwa Krismasi yangu na nilikuwa naipenda kwelikweli.

Mpishi wa mbege kwetu alikuwa shangazi, dada yake baba. Kila mwaka mi naikuta ipo tayari kwenye pipa, nakunywa, nasifia, naondoka. Alifariki mwezi wa sita mwaka mmoja, na Desemba ile nikafika 24 kama kawaida nikakuta mbege imenunuliwa kilabuni kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua vipimo vyake, hasa kiasi cha msesewe, lile gome la mti linalotia uchungu. Baba mkubwa akapokea kata, akaonja, akaiweka chini taratibu akasema, "Hii sio ya kwetu." Hakusema kwa hasira hata kidogo. Lakini mi usiku ule sikulala vizuri, maana nilipiga hesabu nikaona mara zote tisa nilizokuja, shangazi alikuwa anapika mbege yeye na mama tu wakati mi niko Kariakoo nanunua viatu vya sikukuu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwenu mnaojiandaa kwenda nyumbani mwisho wa mwaka, na hapa naongea na Wachaga wenzangu kwanza ila hata wewe wa Songea au Bukoba utapata chako: kama una siku kumi tu za likizo zitumie KABLA ya Krismasi. Nenda tarehe 16 au 17, rudi 26 au 27. Watu wengi tunafanya kinyume, tunafika mkesha tunakaa mpaka mwaka mpya, tunakuta raha yenyewe imeshaliwa na wenyeji. Raha ya sikukuu kwetu iko kwenye ile wiki ya kuandaa, ndo wiki yenye stori, yenye nyimbo, yenye kucheka mpaka mbavu zinauma, na ndo wiki ambayo mtu anakufundisha kitu bila hata kujua kama anakufundisha.

Ngoja niwaelezee mbege ilivyo ili muelewe kwa nini tarehe ni muhimu. Inaanza na ndizi ng'ombe, ndo aina ya ndizi za mbege, zinakatwa zikiwa zimekomaa, kwetu zinawekwa darini juu ya jiko la kuni, joto na moshi vinaziivisha. Zikishaiva vizuri zinamenywa zinachemshwa kwenye sufuria kubwa masaa mengi sana, unaweka kuni asubuhi mpaka jioni, mpaka rangi inageuka ya udongo mwekundu hivi. Zinapoa, zinafunikwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, mama anaita nyalu. Wakati huo ulezi nao una safari yake, ulishalowekwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa. Siku moja kabla ya kunywa ule ulezi unapikwa uji pamoja na msesewe, unapoa, halafu nyalu inachujwa na vinachanganywa, na kesho yake ndo mbege. Sasa piga hesabu mwenyewe, ukitaka inyweke tarehe 25 basi ndizi zichemshwe tarehe 18 au 19, na ukifika tarehe 24 utakuta kata tu.

Mwaka uliofuata nilifika tarehe 17. Mama na jirani yetu mmoja bibi mtu mzima ambaye alikuwa anapika na shangazi zamani walikaa kukumbushana, "alikuwa anaweka viganja viwili," "hapana, viwili ni kwa pipa lile kubwa," wakabishana hapo jikoni mimi nachochea kuni na kuandika kwenye simu kila wanachosema. Walibishana karibu saa nzima kuhusu gome lichemshwe kwa muda gani. Nawaambia hakuna tamasha wala bendi niliyowahi kulipia kiingilio ikanipa jioni kama ile. Mbege ilipotoka, mama ndo akaanza kuonja mbele za watu maana kwetu mpishi anaanza yeye, halafu wazee. Baba mkubwa akanywa kata nzima. Hakusema kitu, akaomba nyingine.

Na kama hunywi pombe usione hii habari haikuhusu, nina mdogo wangu ameokoka hagusi kabisa, lakini kuchemsha ndizi anakuwepo, kumenya anamenya, na uji wa ulezi kabla haujachanganywa anapewa kikombe chake. Ila mnaokunywa, jamani, zile barabara za mlimani zina kona na utelezi na Desemba watoto wanazagaa njiani mpaka usiku, mbege inapanda taratibu hujui kama imeshapanda, gari liache kwa ndugu ulale hapo hapo.

Mbuzi sasa. Usinunue wiki ya mwisho, bei inapaa na wazuri wanakuwa wameisha, unauziwa kambuzi kamekonda kwa hela ya beberu. Mi natuma hela kwa mama mwanzoni mwa Novemba, ananunua mapema, anamlisha majani ya migomba na ya malisho mpaka Desemba ananenepa vizuri. Kuchinja ni kazi ya wanaume pale kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba, na ukiwa na vijana wa kiume waliozaliwa mjini wapeleke wakae na babu zao wakati wa kuchinja na kugawa, maana kugawa nyama kuna utaratibu wake, kila kiungo kina mwenyewe, na mtoto asipoona akiwa na miaka kumi akija kuwa na arobaini atanunua kilo tatu buchani na kugawa kama karanga. Wa kwangu ana miaka kumi na mbili, mwaka juzi alishika kamba ya mbuzi kwa mara ya kwanza, babu yake mdogo akamwita kwa jina la ukoo, mpaka leo anahadithia shuleni.

Kisusio, ile supu yenye damu na vya ndani, inywe ya moto moto inapotoka jikoni na hakikisha imechemka sawasawa. Ikipoa sio yenyewe. Wengine mtakataa kwa imani zenu au kwa kutoipenda, sawa tu, mchuzi wa kawaida upo.

Mtori ndo kitu nitakacholalamikia kidogo, maana naona siku hizi watu wanauharibu. Mtori unataka ndizi mchare, sio ndizi yoyote uliyoikuta sokoni. Menya ikiwa mbichi kwa kisu, paka mafuta mikononi kwanza maana utomvu ule haung'oki, na uzitumbukize kwenye maji zisiwe nyeusi. Nyama chukua yenye mifupa, kidari kinafaa sana, ichemshe na chumvi peke yake mpaka iwe laini, hapo supu unayo. Toa nyama, weka ndizi na vitunguu kwenye ile supu mpaka ndizi zilainike kabisa, halafu ponda kwa mwiko. Kwa mwiko! Mi blenda siitaki kabisa kwenye mtori, inatoa uji uliolala, husikii kitu mdomoni, wakati mtori wa mwiko una vile vibonge vidogo vidogo vinavyokuambia hii ni ndizi. Rudisha nyama uliyochambua, ongeza supu kidogo kidogo, moto mdogo maana unaruka unaunguza mikono, mwisho kijiko cha samli au siagi. Familia ya watu sita mi naweka mchare kama ishirini na kilo moja na nusu ya nyama. Kwetu huu ni mlo wa mama aliyejifungua, ndo maana mtoto wa Kichaga akiukuta umemsubiri usiku amechoka na safari anajisikia amepokelewa. Ukishajua kuupika hata usipopata likizo utaupika Kimara au Mwanza au Muscat na nyumba itanukia kwenu, mchare siku hizi unaupata masoko mengi ya Dar.

Haya, burudani nyingine. Watoto waacheni na rede na kombolela, ila muwatafutie wenzao mapema, watoto wa mjini siku mbili za kwanza wanaganda na simu, siku ya tatu wakishapata marafiki hamuwaoni mpaka giza. Kwetu kuna mechi kila mwaka, waliotoka mjini na waliobaki kijijini, uwanja una mteremko, wanaoshinda wanajulikana tangu asubuhi na sio sisi, lakini kijiji kizima kinakuja. Wazee wana bao na drafti. Jioni sisi wa rika langu tunacheza karata barazani, arubastini, huku mahindi yanachomwa pembeni. Mlima Kilimanjaro wenyewe usiusahau, tulikua nao tukauzoea mpaka hatuuangalii, amka saa kumi na mbili asubuhi kabla mawingu hayajapanda, Kibo, kile kilele chake, inakuwa pale nyeupe unahisi unaigusa, ukichelewa mpaka saa nne imeshajifunika.

Kama mnataka kutoka, Chemka kule Hai maji ni masafi na ya vuguvugu, watoto wanafurahi sana, lakini tarehe 26 na tarehe mosi usiende, kunajaa mpaka hamna pa kukanyaga. Nenda siku ya kawaida asubuhi. Maporomoko ya Materuni kule Uru nayo ni mazuri, ukitembea unapita katikati ya migomba na kahawa, beba viatu vya kushika maana njia inateleza. Baa za mjini Moshi kipindi kile zimejaa magari na muziki, nyama choma nzuri ipo, mi naenda jioni moja kuonana na niliosoma nao, inatosha.

Hela naomba niseme kwa uwazi kwa sababu najua wengi mnaogopa kwenda nyumbani kwa ajili ya hela. Kabla ya nauli toa ada ya Januari uweke pembeni, akaunti nyingine kabisa usiyoigusa. Nauli kata mapema, mwezi Novemba, ukisubiri wiki ya mwisho utalanguliwa au utasafiri kwenye basi usilolielewa. Siku hizi mabasi ya usiku yameruhusiwa tangu 2023 kwa hiyo chaguo zimeongezeka, na treni ya Dar mpaka Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka 20, ni ya taratibu lakini kwa mwenye watoto na mizigo mi naipenda, watoto wanalala wananyoosha miguu. Zawadi usijitutumue. Mama yangu nilimuuliza mwaka fulani nimletee nini akaniambia, "Niletee sukari na chumvi na mikono yako, mwanangu, hizi ndizi zinataka watu wa kumenya." Nilibeba vitenge miaka yote ile na hakuwahi kunishukuru kama siku niliyomenya ndizi mikungu minne.

Halafu kitu kimoja ambacho kwangu ndo kimekuwa kikubwa kuliko chakula. Kihambani kwetu ndo walipolala wazee wetu, na shangazi yupo pale karibu na kaburi la babu. Tarehe 23 tunafyeka majani, tunapanda masale, ile mimea ya makaburini, palipokufa ya zamani, tunaosha misalaba. Zamani nikifika nakuta pamesafishwa. Sasa hivi nafyeka mwenyewe na mwanangu, anauliza huyu alikuwa nani, huyu je, na mi namwambia huyu ndo alikuwa anajua kiasi cha msesewe.

Siku ya kurudi mkungu wa mchare ukatwe asubuhi ile ile ya safari, ufungwe na majani makavu ya mgomba usichubuke, na konda mwambie mapema uwekwe juu ya mizigo mingine usikandamizwe, Dar unakaa siku nne tano bila kuiva ukiuweka pasipo na joto.

Mi tiketi ya tarehe 16 nimeshakata. Jana mama kapiga simu, kasema ndizi ng'ombe zimekatwa ziko darini, na yule bibi jirani miguu inamsumbua mwaka huu kwa hiyo msesewe nitapima mimi, yeye atakaa kwenye kigoda aangalie.