Krismasi hii hatupiki pilau. Haya, nani anakuna nazi?

Tangu niandike kwamba nyumbani kwangu Tanga pilau ya Krismasi ilishazikwa, huu mwaka wa nne, maswali hayakatiki. Nimechagua machache. Wale mnaoniuliza tena kiasi cha mchele: kilo moja ni watu wanane, wakiwa vijana wa kiume hesabu sita. Nimeshasema mara tatu, sirudii.

Shikamoo mama. Watoto wamechoka na pilau, nami nataka kuwapikia samaki wa kupaka. Tutakuwa watu 12. Nitaweza peke yangu? (Mama wa watatu, Kigamboni)

Marahaba. Peke yako hutaweza, na usijaribu. Pilau mtu mmoja anaweza kuipika huku amenuna na ikaiva vizuri tu. Samaki wa kupaka anataka mtu kwenye makaa, mtu kwenye tui na mtu wa kupaka, wote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nampenda.

Nunua changu sita, kila mmoja wa nusu kilo na ushee, samaki mmoja watu wawili. Wewe jirani yako ni soko la samaki la Feri, kwa hiyo vuka na pantoni alfajiri, usiende saa tano jua likishawapiga. Funua matamvua uone wekundu, tazama jicho kama limejaa au limezama. Mwambie anayekutengenezea ampasulie mgongoni, afunguke huku tumbo likimshikilia. Mpake chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, mwache kama nusu saa. Ukimlaza na ndimu tangu asubuhi nyama yake inalegea, inabaki kwenye wavu.

Nazi tano. Tui zito weka kando, jepesi litapikia wali. Bandika tui zito na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbuzi, manjano kijiko cha chai na chumvi, moto mdogo, ukoroge bila kuondoka mpaka lishike mwiko. Ukwaju utie mwishoni. Ukigeuka kidogo tu tui linakatika, mafuta juu, maji chini. Mwaka wa kwanza langu lilikatika kwa sababu nilikwenda kumfungulia shemeji geti. Tulikula, hakuna aliyesema neno, na ukimya ule naukumbuka mpaka leo.

Samaki mchome kwenye makaa yaliyoshika jivu, pasiwe na ndimi za moto. Akikaribia kuiva ndipo unampaka tui, unamgeuza, unampaka tena, mara tatu au nne, mpaka juu pawe na madoa ya kahawia. Linalobaki mwagia mezani.

Sasa umeniambia unao watatu. Mkubwa akune nazi, wa kati akamue, mdogo ashike brashi. Kama mkubwa ni wa kiume usianze kunitafutia visingizio. Mbuzi haiulizi anayeikalia ni nani.

Mama, nikipika pilau ya kuku badala ya ng'ombe itahesabika kuwa nimebadilisha? (Dodoma)

Hapana.

Mzee ametuletea bata mzinga wa kilo sita, amegandishwa kama jiwe. Kesho kutwa ni Krismasi na oveni yangu ni ndogo. Nifanye nini? (Nairobi)

Kila Desemba swali hili, na kila Desemba linakuja likiwa limechelewa. Watu wanamwona kwenye picha za Wamarekani, ameng'aa mzima mzima katikati ya meza, wanasahau kwamba ndege huyo anataka kuyeyushwa kwenye friji karibu siku tatu. Zako zimebaki mbili.

Mzamishe kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, na maji uyabadilishe kila nusu saa. Kwa kilo sita hiyo ni kazi ya muda wa saa sita hadi saba, kwa hiyo mzee aliyemnunua avute kiti akae hapo na ndoo. Akishayeyuka kwa njia hii apikwe mara moja, asirudi kusubiri. Usimwache juu ya meza usiku kucha: nje anapata joto na vijidudu vinazaliana wakati ndani bado ni barafu. Wala usimwoshe chini ya bomba, unatapanya hivyo vijidudu jiko zima.

Oveni ndogo isikusumbue. Mkate vipande. Mapaja yapike mchuzi wa nazi, kifua kichome. Ukiwa na kipimajoto cha nyama, sehemu nene ifike nyuzi 74. Huna, basi chana karibu na mfupa utazame, maji yatoke meupe. Atakayelalamika kwamba hakupata picha ya ndege mzima mpe kisu mwakani.

Shikamoo. Nimeolewa Machame, hii ndiyo Krismasi yangu ya kwanza ukweni. Nimependekeza tusipike pilau, mama mkwe kasema tunavunja mila. Nimjibu nini? (Mkwe mpya)

Marahaba mwanangu. Usimjibu. Muulize.

Pilau kwa jina lake tu ni mgeni, neno limetoka Uajemi. Karafuu unazotia humo zilifika Unguja karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa huko Bahari ya Hindi, na pilipili ya kachumbari asili yake ni Amerika, kama mahindi. Sisemi pilau si yetu. Sisi watu wa pwani tumeilea mpaka imetusahaulisha ilikotoka. Lakini mila ya Machame? Huko ni kwenye ndizi na mbuzi! Nusu ya Dar es Salaam inapanda mabasi kila Desemba kwenda kula hizo ndizi, halafu mnafika mnapika pilau.

Kwa hiyo kaa naye jikoni umwombe akueleze Krismasi ya utotoni mwake ilikuwa na chakula gani. Akisema machalari, mwambie akufundishe: ndizi zipi, zimenywe vipi zisiwe nyeusi, nyama iive kiasi gani kabla ya kuzitia. Kisu ashike yeye, wewe shika beseni. Kesho yake atakuwa anawaambia majirani kwamba wazo lilikuwa lake, na wewe utanyamaza.

Habari za Uajemi usimwambie. Hizo ni zangu na wewe.

Kuwapa wageni makande sikukuu si aibu? (Morogoro)

Aibu ni kuwapa nyama ngumu ya mkopo. Makande ya mahindi ya kukoboa yaliyoungwa kwa tui, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia na kipande cha samaki mkavu, mgeni atakuomba ya kubeba.

Ila nikuonye jambo ambalo hukuuliza. Loweka maharage usiku kucha, maji hayo umwage, na uyachemshe kwa nguvu, povu litoke, nusu saa kamili kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya asili, na moto mdogo hauiui. Siku hizi mmenunua hivi vyungu vya umeme vya kupika taratibu, mnatupia maharage makavu asubuhi mnakwenda kanisani. Mtarudi kula, halafu mtakesha chooni.

Mimi niko Birmingham, nje ni baridi kali. Naweza kuchoma samaki ndani kwa jiko la mkaa nikifungua dirisha? (Mwana wa Mombasa)

Hapana, hapana, na hata ukifungua mawili. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na huja na usingizi. Nyumba za huko zimezibwa zisipitishe upepo. Watu wameangamia familia nzima kwa jiko la namna hiyo, huko na huku kwetu pia, hasa wanaoliingiza chumbani kuota moto baada ya kupika. Washa moto wa juu wa oveni, samaki muweke karibu nao, mpake vilevile. Harufu ya moshi utaikosa. Utaifuata Mombasa.

Bibi, sisi asili yetu Unguja, tuko Muscat. Idi kila mwaka ni shuwa tu, ile nyama ya kuzikwa kwenye shimo la moto. Nataka kuwapikia kitu kingine lakini wanaume hawasikii. (Muscat)

Waache na shimo lao. Shuwa huzikwa na majani yake, inakaa chini usiku na mchana, watu wanaifukua siku ya pili au ya tatu. Nyama inayofumuka yenyewe namna hiyo mimi siipigi vita. Lakini siku ya kwanza jioni je? Hiyo haina mwenyewe.

Wapikie urojo. Rojo la unga wa ngano, manjano na embe mbichi au ukwaju unaliandaa mapema. Halafu mmoja anakaanga bajia, mwingine chipsi za muhogo, mwingine anachemsha viazi na mayai, mishkaki wapewe hao hao wanaosubiri shimo, maana wamekaa bure. Kila mtu anajijazia bakuli lake na pilipili yake. Sijaona chakula kingine ambacho mtoto wa miaka saba na bibi wa miaka themanini wanabishana jikoni kama wako sawa.

Wali wa nazi ukibaki? (Wengi)

Ndani ya muda wa saa mbili uwe kwenye friji, umetandazwa, si umefunikwa sufuriani mpaka jioni. Joto la Desemba la pwani mnalijua. Ukishachacha, kuupasha hakuutengenezi.

Shikamoo mama. Mimi ni baba wa familia, sijawahi kupika. Krismasi nataka mke wangu apumzike, nipike mimi na watoto. Nianze na nini? (Kibaha)

Marahaba baba, Mungu akuzidishie. Nimesoma barua nyingi mwaka huu na hii ndiyo niliyomsomea mume wangu kwa sauti.

Anza leo. Pika wali Jumamosi hii na nyingine, uunguze ule wa kwanza kukiwa hakuna mgeni. Nenda sokoni mwenyewe bila kumpigia simu mkeo kila baada ya dakika tano kumuuliza nyanya zipi, maana hapo bado anapika yeye, ila kwa simu. Chagua kitu kimoja kikubwa na kimoja cha pembeni: kuku wa kuchoma na viazi, basi. Usiniambie habari za keki.

Na sufuria iliyoungua chini ni yako wewe. Itie maji na magadi kidogo, ichemshe, iache kidogo, kisha usugue. Usiku huo huo, kabla hajaamka akaikuta.