Matofali ya mbao kwa chekechea: vipimo, fundi, na kazi ya mlezi

Vituo vingi vya watoto vina irabu zilizochorwa ukutani, mabenchi na wimbo wa kuhesabu. Kitu cha kushika ndicho hakipo, na ukiuliza utaambiwa vifaa ni ghali. Lakini Tabora ni nchi ya mninga, na mabaki yake yanatupwa motoni kila siku kwenye karakana. Kinachokosekana ni vipimo vya matofali ya mbao ya kuchezea, pamoja na mtu wa kumsimamia fundi. Mtu huyo awe mlezi mwenyewe, yule mama anayeshinda na watoto, wala si mwenyekiti wa kamati.

Ndivyo kazi hii ilivyoanza. Fröbel wa Ujerumani alifungua chekechea yake mwaka 1837 akiwa na vipande vidogo vya kuchezea mezani. Waliovitoa mezani wakavishusha sakafuni ni wanawake. Patty Smith Hill wa Marekani aliona ni vidogo mno kwa misuli ya mtoto, akatengeneza vikubwa. Caroline Pratt, mwalimu aliyejua useremala, akabuni vipimo vinavyotumika hadi leo. Shule yake ilianza New York mwaka 1914, mwaka uleule reli ya kati ilipofika Kigoma. Harriet Johnson, mwalimu wa watoto wadogo, akakaa sakafuni na daftari akiandika watoto wanachojenga, na mwaka 1933 akachapisha hatua alizoziona.

Vipimo vya Pratt, kwa sentimita, ni hivi: tofali zima lina unene wa 3.5, upana wa 7 na urefu wa 14. Kila kipimo ni mara mbili ya kinachotangulia, na siri yote imo humo. Nusu tofali ni urefu wa 7, tofali la mbili ni 28, la nne ni 56. Unene na upana havibadiliki. Mtoto akikosa la mbili anaweka mazima mawili, yanalingana sawasawa. Anajifunza sehemu na uwiano kabla hajajua kusoma namba.

Kwa kundi la watoto 25, wanaojenga sita hadi wanane kwa zamu, anza na mazima 60, nusu 30, ya mbili 24 na ya nne 10. Hiyo ni karibu mita 23 za ufito mmoja. Pamoja na upotevu, hesabu mita 26. Mbao ya inchi mbili kwa sita ikipasuliwa katikati na kupigwa randa inatoa fito mbili za upana wa 7, kwa hiyo mbao nne za futi kumi na mbili zinatosha. Mazima na nusu unaweza kuyapata kwenye mabaki, ukapunguza gharama. Nunua kwa risiti.

Makosa ya karakana huwa ni yaleyale. La kwanza ni mbao mbichi. Chukua kipande, kipime kwenye mizani ya duka, kiweke kivulini wiki moja, kipime tena. Kikipungua uzito, bado. Ukikikata sasa kitasinyaa na kulingana kutakwisha. La pili, fundi hukata la 28 katikati akidhani amepata mazima mawili. Msumeno unakula karibu milimita tatu, kwa hiyo yote mawili yanakuwa mafupi. Mwambie agongomee kizuizi mezani kwa urefu unaotakiwa, kila ufito uguse hapo ndipo ukatwe, badala ya kupima upya kila mara. Kabla hujalipa, panga mazima manne kando ya la nne moja. Pengo likionekana kwa macho, yarudi.

Msasa namba 80, kisha 120, na kona zote zivunjwe kidogo zisichubue. Rangi na vanishi havihitajiki. Mbao iliyopakwa dawa ya mchwa usiipokee hata kwa bure. Akina mama wakijitolea kupiga msasa, wafanye nje, wafunge pua na mdomo kwa kitambaa, watoto wasiwepo, maana vumbi la mninga linawasha macho na kifua.

Sakafu iwe tupu, angalau mita tatu kwa nne. Mkeka una mabonde, mnara unaanguka mtoto akadhani kosa ni lake. Saruji iliyo laini ni bora, ingawa ina kelele. Piga mstari wa chaki sentimita 60 kutoka kwenye rafu: ndani ya mstari hakuna kujenga, la sivyo anayekuja kuchukua tofali anabomoa jengo la mwenzake na vita inaanza. Kwenye rafu chora umbo la kila aina ya tofali, mtoto arudishe mwenyewe. Muda ni dakika 45 hadi saa nzima. Vituo vinavyotoa dakika 20 vinalalamika watoto "wanachezea tu". Ndiyo kwanza wamemaliza kubeba!

Mlezi asiseme "jengeni nyumba", wala asijenge mfano. Awapeleke stesheni watazame behewa, njia panda ya reli ya Kigoma na Mwanza, mizigo ikishushwa. Kesho yake anyamaze. Mdogo atabeba matofali huku na huko, kisha atayapanga mstari au mnara, baadaye daraja, halafu uzio. Kulipatia jengo jina ("hii stesheni") huja mwishoni. Asiharakishwe.

Wavulana wakiachiwa huteka kona hiyo wiki ya kwanza, wasichana wakasogea kwenye wanasesere. Usihubiri. Tenga siku mbili za wiki zamu ya kwanza iwe ya wasichana peke yao, na mlezi aonekane akibeba mbao na kushika msumeno.

Kisha daftari, ukurasa mmoja kwa kila mtoto, watoto watatu kwa siku. Aandike alichokiona: "ameweka mawili wima, moja juu, likaanguka, akasogeza ya chini." "Amefanya vizuri" haimsaidii mtu. Akiwa na watoto 25, ndani ya siku tisa za kituo wote wameshaandikwa. Kazi hii inahitaji nusu saa baada ya watoto kuondoka, na nusu saa hiyo iingizwe kwenye posho yake kwa maandishi. Kamati nyingi humpa mlezi ufagio na ndoo muda huohuo, halafu zinashangaa daftari liko tupu. Usafi atafutiwe mtu mwingine, au wazazi wapeane zamu, akina baba wakiwemo.