Barua pepe ya ofisi: kwa simu inafunguka, kwa kompyuta inakataa

SWALI

Salamu fundi. Mimi ni karani wa chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Luanda, Vihiga. Barua pepe ya chama ina jina letu wenyewe, mwisho wake .co.ke, na huwa tunaifungulia kwenye kivinjari. Kwa wiki tatu sasa kompyuta ya ofisi inakataa. Inaleta ukurasa wenye alama nyekundu na kusema muunganisho si wa faragha. Ajabu ni kwamba simu yangu inafungua barua hizo hizo bila shida. Tena kuna siku moja moja hata kompyuta inafungua vizuri, kesho yake inakataa. Gmail yangu ni vivyo hivyo, na juzi eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, pia ilikataa. Kompyuta ni ya zamani kidogo. Asubuhi huandika maneno kwenye skrini nyeusi mpaka nibonyeze F1 ndipo iendelee, lakini hilo tumelizoea. Fundi aliyekuja anasema ni virusi, tufomati kwa shilingi elfu mbili. Mwenyekiti anauliza kama tumlipe. Na je, nikibonyeza pale pa kuendelea hivyo hivyo, kuna ubaya?

Karani, Luanda

JIBU

Mwambie mwenyekiti asitoe hiyo elfu mbili. Ugonjwa umeutaja mwenyewe, kwenye ile sentensi uliyoipita mbio: F1. Hilo mlilolizoea ndilo lenyewe.

Siku ambayo kompyuta itakataa tena, angalia pembe ya chini kulia ya skrini. Usisome saa peke yake, soma tarehe mpaka mwaka. Nitashangaa sana ukikuta mwaka huu. Nategemea utakuta siku ya kwanza ya Januari ya mwaka fulani uliopita zamani, ule ambao bodi ya hiyo mashine huanzia kuhesabu kila inapopoteza kumbukumbu.

Ndani ya lile sanduku tunaloliita CPU, juu ya bodi, kuna betri ya mviringo kama sarafu. Jina lake ni CR2032: volti 3, upana milimita 20. Kazi yake ni kuendesha saa wakati kompyuta haina stima, na kwenye mashine za zamani hushikilia pia mipangilio ya kuwashia. Betri hiyo ikifa, mashine ikikatiwa stima inasahau leo ni lini. Ukiiwasha inajikuta haina tarehe, inalalamika kwenye skrini nyeusi, na kukuomba ubonyeze F1 kama umekubali iendelee hivyo. Wewe unabonyeza. Inaendelea, ikiamini kwa dhati kwamba ni, tuseme, 2012.

Na zile siku inazofungua? Hizo ni siku ambazo mtu ameona tarehe si yenyewe akairekebisha bila kukuambia, au, kwa nadra, Windows imefaulu kuchukua saa kwenye intaneti. Halafu jioni inafika. Ofisi nyingi za Vihiga na Kakamega huzima swichi ya ukutani, wengine huchomoa plagi kabisa, kwa sababu radi za huku hazina mzaha. Siwalaumu, hata mimi hapa Kondele, Kisumu, nachomoa. Lakini mkishazima ukutani, saa imebaki mikononi mwa betri, na betri ni maiti. Siku ambayo mtu amezima kompyuta na kusahau swichi ya ukutani, stima kidogo huendelea kuingia kwenye bodi usiku kucha na saa haisimami.

Kwa hiyo unaweza kuthibitisha bila fundi yeyote. Leo jioni weka tarehe sahihi, zima kompyuta, acha swichi ya ukutani ikiwa imewashwa. (Tazama anga kwanza. Kama mawingu yameshajikusanya, jaribio lingoje siku nyingine.) Asubuhi utakuta tarehe iko sawa na barua pepe inafunguka. Jioni ya pili zima ukutani. Ukiamka ukakutana na F1 na mwaka wa kale, kesi imekwisha.

Sasa utauliza, tarehe ina uhusiano gani na barua pepe? Kila tovuti inayoanza na https hukionyesha kivinjari chako cheti, na cheti hicho kina siku ya kuanza na siku ya kuisha, kama stika ya bima kwenye kioo cha matatu. Vyeti vingi vya tovuti ndogo kama yenu hutolewa na Let's Encrypt, navyo huisha muda baada ya siku 90 na kujihuisha vyenyewe. Chukua askari wa trafiki aliyesimama barabara ya Kisumu kwenda Busia akiwa na kalenda ya 2012 mkononi. Kila stika atakayoisoma ataiona imeanza mwaka ambao bado haujafika. Atazuia matatu zote, nzima na mbovu. Ndiyo maana chama, Gmail na eCitizen vimekataa pamoja. Hizo ni huduma tatu za wenyewe watatu tofauti, haziwezi kuugua kwa mkupuo mmoja. Ukiona vyote vimegoma, mgonjwa yuko upande wako wa meza.

Nasema hivi kwa sababu nilishaaibika. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa ofisi moja mjini Kakamega, shida ni hii hii. Nilifuta historia ya kivinjari, nikaweka kivinjari kingine, nikabadilisha waya wa ruta, nikapiga simu kwa kampuni inayohifadhi barua pepe zao na kumkaripia kijana wa watu. Saa sita mchana mama aliyekuwa akitupikia chai alisimama nyuma yangu akauliza, "Mbona hii yenu inasema ni mwezi wa kwanza?" Tangu siku hiyo pembe ya kulia ndiyo kitu cha kwanza ninachotazama, kabla hata sijavuta kiti.

Matibabu yenyewe ni mafupi. Nunua CR2032. Haizidi bei ya soda mbili tatu, na utaipata hata kwa wauza saa. Chomoa waya wa stima, fungua ubavu wa CPU kwa bisibisi, gusa chuma cha sanduku kwanza ili umeme wa mwilini ushuke, kisha sukuma kile kikulabu kidogo na betri itachomoka yenyewe. Ingiza mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ile iliyokufa usiiache mezani: izungushie selotepu na uiweke mbali na watoto, maana mtoto akimeza betri ya namna hiyo inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili. Hilo ni jambo la kukimbilia hospitali, si la kusubiri aitoe chooni.

Ukiwasha itakuuliza F1 mara moja ya mwisho. Badala ya kuipita, ingia kwenye mipangilio (mara nyingi ni F2 au Delete), weka siku, mwezi na mwaka, hifadhi, toka. Ndani ya Windows chagua majira ya Nairobi, yale ya UTC+03:00. Mwaka uweke kwa mkono kabla ya kuiambia ichukue saa kwenye intaneti, kwa sababu tofauti ikiwa kubwa mno Windows huwa haiamini saa inayoletewa. Halafu kuna mtego wetu wenyewe: saa mbili asubuhi kompyuta inaijua kama 8:00, si 2:00. Nimekutana na mashine iliyokuwa nyuma kwa saa sita kamili kwa sababu karani aliandika saa aliyoisikia redioni. Barua pepe ilifunguka, lakini kila hati aliyohifadhi ilionekana imeandikwa usiku wa manane.

Kuhusu huyo fundi, sisemi ni mwongo. Huenda anaamini. Lakini tazama kitakachotokea: atafomati, wakati wa kuweka Windows upya tarehe itawekwa sawa, barua pepe itafunguka mbele ya mwenyekiti, atalipwa, ataondoka. Jioni mtazima ukutani. Asubuhi F1. Na hesabu za maziwa za miezi yote zitakuwa zimefutika kama hamkuzinakili pembeni.

Swali lako la kubonyeza "endelea hivyo hivyo": ndiyo, kuna ubaya. Onyo hilo ni lile lile moja, liwe limesababishwa na betri au na mtu aliyejiweka katikati ya mtandao akiigiza kuwa ni seva yenu, yaani ile kompyuta inayohifadhi barua zenu. Ukijizoeza kulipita ofisini, utalipita pia siku uko saiba au kwenye Wi-Fi ya hoteli, na hapo unaandika nywila ya chama mbele ya usiyemjua. Gmail yenyewe haitakupa nafasi hiyo, ile njia ya kuendelea imefungwa makusudi. Kama tayari ulishabonyeza na kuingia kwenye barua ya chama kwa njia hiyo, badilisha nywila leo, kwa simu.

Sasa kuhusu hiyo simu. Wengi hunipa ushahidi kama wako, "kwa simu inafunguka", na ni ushahidi nusu. Ulibadilisha vitu viwili kwa mpigo: kifaa, na pia mtandao, kwa sababu simu ilikuwa kwenye bando lako na kompyuta iko kwenye ruta ya ofisi. Badilisha kimoja kimoja. Unganisha simu kwenye Wi-Fi ya ofisi ujaribu, kisha igeuze simu kuwa hotspoti na kompyuta itumie bando. Kompyuta ikigoma kote kote, shida ni ya kompyuta. Vyote viwili vikigoma kwenye Wi-Fi ya ofisi tu, shida ni ya mtandao. Hii ya pili huwapata sana wenye barua pepe za jina lao: anwani yao huishia na 2096, ambao ni mlango wa barua wa cPanel, mfumo unaotumiwa na kampuni za kuhifadhi barua pepe, na mitandao mingine haiupitishi. Dalili yake ni tofauti na yenu. Ukurasa unazunguka, unazunguka, mwisho unasema muda umekwisha. Hapo jaribu kuandika neno webmail, nukta, halafu jina lenu, bila nambari yoyote. Kwa seva nyingi inakubali.

Jizoeze kusoma yale maandishi madogo ya herufi kubwa yaliyo chini ya ukurasa wa kosa. Watu hunitumia picha ya alama nyekundu na kuyakata. Kwenye Chrome, yakiwa na CERT_DATE, ni tarehe: yako, au cheti cha seva kimeisha kweli, na hapo hata simu italalamika. Yakiwa na CERT_AUTHORITY wakati tarehe iko sawa, mara nyingi Windows au Chrome yenyewe imezeeka na haiwatambui watoaji vyeti wa sasa. Vifaa vingi vya zamani viliingia shida hiyo tarehe 30 Septemba 2021, cheti kimoja cha mzizi, yaani cha mtoaji ambacho vyeti vingine hukitegemea, kilipoisha muda. Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya watoaji, kwa hiyo ijaribu kabla hujakata tamaa. Yakiwa na NXDOMAIN, jina lenu halipatikani kabisa. Angalia kwanza kama umeliandika sawasawa, kisha muulize mweka hazina kama ada ya mwaka ya lile jina la .co.ke ililipwa. Majina hayo yako chini ya KeNIC, shirika linalosimamia majina ya .ke, na muda ukipita bila malipo jina huzimwa na barua pepe huenda nalo.

Inawezekana pia, baada ya betri mpya, ukawa unaandika nywila sahihi na kurudishwa pale pale pa kuingilia. Usihangaike. Vidakuzi (cookies, kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari) vilivyohifadhiwa wakati kompyuta iko 2012 vimechanganyikiwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Delete pamoja, futa vidakuzi na kumbukumbu za ukurasa, funga kivinjari, ingia upya. Kama unataka kuhakikisha kabla ya kufuta, fungua dirisha fiche (Incognito), lisilotumia vidakuzi vya zamani, kwa Ctrl, Shift na N kwenye Chrome. Likikubali humo, ni vidakuzi. Na ukiona ujumbe kwamba anwani yako ya IP, ile namba inayokutambulisha mtandaoni, imebadilika, hiyo ni cPanel ikikuhisi umekuwa mtu mwingine, hasa ukiwa kwenye bando la simu. Ingia tena tu.

Fungua ubavu wa CPU kwanza. Ukishaweka betri na F1 bado inarudi, au tarehe ni sawa na onyo bado lipo, niandikie yale maneno ya skrini nyeusi neno kwa neno, pamoja na zile herufi kubwa za chini, na uniambie ni Windows gani mnayotumia.