Jenereta imeandikwa 5.5, mbona haivuti?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nilinunua jenereta ya petroli Kariakoo, ubavuni imeandikwa kilowati 5.5. Tuliijaribu palepale Dar kwa shemeji yangu, ikaendesha friza na msumeno wa nyama bila shida. Nimeipandisha Njombe buchani kwangu, msumeno ukianza tu taa zinafifia, ekzosi inatoa moshi mweusi, inazima. Nimeuziwa feki?
Mwenye bucha, Njombe

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kwa dalili hizo sioni feki. Chungulia kibati kidogo karibu na soketi, aghalabu utakuta namba mbili: 5.5 ni upeo, mzigo wa muda mfupi tu, 5.0 ndiyo ya kufanyia kazi. Inaniuma sana kuona ile kubwa ndiyo inayochorwa ubavuni na hii ya kweli inafichwa, maana mtu hutoa akiba yake yote akiangalia ubavuni.

Na hiyo 5.0 ni ya usawa wa bahari. Njombe mko karibu meta 2,000 juu, hewa nyepesi. Injini ya kawaida isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ya ziada ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 10 kwa kila meta 1,000, kwa hiyo huko kwenu umebaki na kilowati 4 hivi. Msumeno nao, sekunde ile unapoanza, hudai umeme mara kadhaa ya ule unaotumia ukishachanganya. Dar pengo hilo lilizibika kwa shida, Njombe halizibiki.

Moshi mweusi ni petroli iliyozidi hewa. Fungua plagi ya injini, ile ya kutoa cheche, nadhani utaikuta imejaa masizi. Mwambie fundi akufungie jeti kuu (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo zaidi kwenye kabureta. Moshi utaisha na nguvu kidogo itarudi, ila si yote. Asubuhi anza na msumeno peke yake, ukishachanganya ndipo uchomeke friza.

Fundi akitaka kukukazia gavana, kile kidhibiti mwendo cha injini, ili injini ikimbie zaidi, mkatalie kabisa. Nyingi za aina hii zimepangwa mizunguko 3,000 kwa dakika ili zitoe hetzi 50, mapigo ya umeme ambayo vyombo vyetu vimetengenezewa. Ukizidisha, volti nazo hupanda, na friza ndiyo itakayoungua.

Ukiishusha tena Dar, rudisha jeti ya zamani kabla ya kuwasha. Kwa hewa ya pwani ile ndogo itatoa petroli pungufu, injini itachemka hadi vali ziungue.