Jibu: Maroboti waliokwama katika mji wa dimensheni ya nne wakwamishwe na nini?

Ndugu muulizaji ametueleza kwamba anaandika hadithi ya maroboti wasafiri waliopita katika mlango wa ajabu, wakajikuta ndani ya mji ulioendelea mno katika dimensheni nyengine, na mlango ukafunga nyuma yao. Anauliza afanye nini ili msomaji aamini kwamba kweli wamekwama, na wakaazi wa mji ule wawapokee vipi. Kazi yangu ni kutengeneza mashine ndogo za umeme hapa Unguja, na baada ya kazi huwasomea na kuwasahihishia hadithi vijana wa mtaani kwetu wanaopenda mambo ya sayansi, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona juu ya meza ya ufundi.

Kwanza, mlango uliofunga hautoshi. Msomaji anajua kwamba aliyeufunga ni mwandishi, na kwamba mwandishi huyo huyo ataufungua hadithi ikikaribia kwisha. Roboti akwamishwe na maumbile yake mwenyewe, yaani na yale ambayo waliomuunda waliyachukulia kuwa yatakuwepo popote atakapokwenda. Hata wasafiri wa kweli wa aina hii walikwama hivyo. Philae, chombo cha Shirika la Anga la Ulaya, kilipotua juu ya nyota yenye mkia ya 67P mwezi wa Novemba 2014, vyuma vyake vya kujichomeka ardhini havikufyatuka, kikadunda na kuishia kivulini, na kwa kuwa paneli zake hazikupata jua la kutosha, betri ilizimika baada ya siku mbili na ushei. Spirit, gari la Marekani lililokuwa sayari ya Mars, mwaka 2009 lilizama magurudumu katika mchanga laini, likashindwa kujiinamisha upande wa jua wakati wa baridi, na tangu Machi 2010 halikusikika tena. Hakuna mlango wowote uliofungwa hapo; ni kivuli na mchanga tu.

Mfano wa karibu zaidi ninao. Bwana mmoja aliyerudi kutoka Marekani aliniletea roboti ya kufagia, akalalamika kwamba haifanyi kazi katika nyumba yao ya Mji Mkongwe. Kituo chake cha chaji kilikuwa cha volti 120, na sisi tunatumia 230, kwa hiyo hilo lilimalizwa kwa transfoma ya kupunguzia umeme. Nikaifuata nyumbani kwao, maana mashine ya kutembea huwezi kuipima mezani. Iliingia chini ya samadari, ikatoka, ikafika ukingoni mwa zuliya lenye mpaka mweusi, ikasimama. Ikarudi nyuma, ikageuka, ikaujia ule mweusi kwa upande mwengine, ikasimama tena. Chini ya tumbo lake mna vijicho vinavyotoa mwanga usioonekana na kungojea urudi kutoka sakafuni, na mwanga usiporudi roboti hujua kwamba mbele yake pana shimo au ngazi. Rangi nyeusi hunywa mwanga ule, kwa hiyo kwa mashine ile mpaka wa zuliya ulikuwa ni korongo. Tulipoliondoa zuliya, ikaenda mpaka kwenye kizingiti cha mlango wa kale, ambacho hata mtu mzima hukivuka kwa kunyanyua mguu, na hapo safari ikaisha. Haikuharibika hata kidogo. Ilikuwa nzima katika nyumba ambayo hakuna aliyeifikiria wakati ikiundwa.

Basi wape maroboti wako mpaka mweusi wao na kizingiti chao. Hapa ndipo unapotakiwa kuamua dimensheni unayoisema ni kitu gani, kwa sababu waandishi wengi hulitumia neno hilo kama jina la nchi ya mbali, wakapoteza utamu wote uliomo. Tuseme mji wako uko katika anga yenye pande nne za kwendea badala ya tatu: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, na upande mmoja zaidi ambao sisi hatuwezi hata kuunyooshea kidole. Mwanafizikia Paul Ehrenfest alionesha mwaka 1917 kwamba katika anga ya namna hiyo sayari haiwezi kudumu kwenye njia thabiti ya kulizunguka jua lake: ikitikisika kidogo, ama huangukia juani ama hupotelea mbali. Kwa hiyo mji ule hauna mchana wala mwaka kama tunavyovijua, na paneli za jua za wasafiri ni mzigo wa bure. Redio zao nazo zitawatupa mkono. Huku kwetu ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya mawimbi hubaki robo; kule hubaki thumuni, na wawili waliozoea kuitana kutoka upande mmoja wa mji hadi mwengine watalazimika kukaa karibu karibu. Kamba nazo hazifungiki, kwani fundo lolote la kamba huteleza likafunguka kupitia upande ule wa nne. Mimi hadithi nzima ningeiandika juu ya baharia wa huko anayetafuta namna ya kufunga tanga, lakini hayo si uliyoyauliza.

Kubwa zaidi ni miili yao. Chora mtu kwenye karatasi, kisha mwangalie kutoka juu: utaona nje yake na ndani yake kwa mara moja, moyo na utumbo, bila ya kumpasua. Mkaazi wa mji wa pande nne atawaona maroboti wako vivyo hivyo, na akitaka atachomoa betri bila ya kufungua kifuniko. Grisi ya kwenye beringi na ute wa betri navyo vimezuiliwa kwa kuta za pande tatu tu, kwa hiyo tangu dakika ya kwanza vitaanza kuvuja kuelekea kule ambako hakuna ukuta. Hapo umepata sababu ya kukwama isiyohitaji adui: kila hatua wanayopiga kuutafuta mlango inawakausha.

Na hapo pia ndipo penye jibu la swali lako la pili. Vijana wetu wengi huwafanya wenyeji wa miji ya namna hii kuwa ama majemadari ama wanasayansi wakatili wenye visu. Mimi ningeanza na sitara. Wasafiri wameingia mjini wakiwa wazi matumbo, kila mpita njia anayaona matumbo hayo, nao hawajui kama wanaonwa. Mwenyeji mwenye adabu ataugeuza uso kwanza, kisha atatafuta kitu cha kuwafunika upande wa nne, na kifuniko hicho hicho ndicho kitakachozuia mafuta yasivuje. Mji ulioendelea uoneshe kuendelea kwake katika jambo kama hili. Sisi tunaokaa visiwani tuna mfano wa kutosha: majahazi ya Arabuni yaliyokuja Unguja na kaskazi hayakuweza kurudi mpaka kusi livume, na kwa miezi hiyo yote mabaharia walikuwa ni watu waliokwama, nao walipanga vyumba, wakafanya biashara, wakakopa na wakaoa. Mji ulijua la kufanya na mgeni asiyeweza kuondoka. Uliza basi: mji wako una desturi gani kwa wageni kama hao, na nani anayewadai kodi?

Kuhusu kurudi, usiwarudishe wakiwa vile vile walivyokwenda. Mwanahisabati wa Ujerumani August Möbius aliligundua tangu mwaka 1827 jambo ambalo fundi yeyote atalifurahia: kitu cha pande tatu kikizungushwa kupitia upande wa nne hurudi kikiwa kimepinduka kama taswira ya kwenye kioo, kiatu cha kushoto kikawa cha kulia. Roboti aliyepinduka atafanya kazi bila ya taabu, kwa kuwa umeme na sumaku haviathiriki kulia na kushoto vikibadilishana pamoja katika kitu kizima, na hatahisi chochote. Lakini akifika kwenye meza yangu nitakuta skrubu zake zote zina hesi za kinyume, zinakaza pale ninapofungua, na kibati chenye jina lake hakisomeki ila kwa kioo, naye ataapa kwamba ni Darajani nzima, soko letu la mjini Unguja, iliyogeuzwa, pamoja na maandishi yote ya madukani. Ninakushauri umpindue mmoja tu kati yao. Skrubu za mwenzake hazitamwingia tena, wala mkono wa akiba waliokuwa wakichangia, na kila watakapoambiana wakate kulia watatengana njia.