Tikiti la kaskazi: nunua zima, likate kwa urefu, lile na watu

Kuanzia Desemba, upepo wa kaskazi ukishakolea, sisi wa pwani tunajua kinachokuja. Dar es Salaam inafika nyuzi 32 au 33, unyevu wa bahari unaongezeka juu yake, na mtu anatoka kuoga huku jasho limeshaanza kumtiririka. Feni inazungusha hewa ya moto, na umeme ukikatika hata hiyo hakuna. Katika miezi hii, mpaka mvua za masika zianze, chakula ninachokitetea kuliko vyote ni tikiti maji. Nimeamua kuandika namna ya kulifaidi kwa sababu naona wengi wetu mjini tumebaki na kipande kimoja ndani ya kimfuko cha plastiki, tumesimama kituoni, tunawahi daladala. Kipande hicho kinakata kiu. Raha ya tikiti ni zaidi ya hapo.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: nunua tikiti zima, na ulipasue siku yenye watu.

Tikiti zima si mzigo wa mtu mmoja. Lile dogo la mviringo lenye ganda la kijani kilichokoza, ambalo wakulima wanaliita Sugar Baby, mara nyingi lina kilo 3 mpaka 5. Makubwa yenye mistari, Crimson Sweet na jamii yake, yanafika kilo 8, 10 na kuendelea. Likishapasuliwa halikai. Kwa hiyo ukilibeba begani kutoka sokoni umeshaamua kuita watu: jirani, watoto wa mtaa, shangazi aliyekuja kusalimia, fundi anayepaka rangi ukuta wa pili. Kwetu hakuna tunda jingine la bei kama yake linaloweza kukalisha watu kumi na wawili barazani na kila mmoja akatosheka.

Sasa, sokoni. Mimi huenda Temeke Stereo au Buguruni asubuhi, matikiti yanaposhushwa kwenye Fuso. Vijana wanarushiana moja moja mpaka rundo linajengeka chini, juu ya majani makavu. Mengi yanatoka njia ya kusini, Mkuranga, Kibiti na Rufiji, ambako udongo wa kichanga na joto vinalifaa sana. Juu ya rundo utakuta moja limepasuliwa, jekundu, linang'aa. Usilinunue kwa macho hilo. Linakueleza habari zake lenyewe tu. Yaliyo chini yake kila moja lina habari zake.

Chukua unalolitaka, ligeuze, tafuta doa. Kila tikiti lina upande uliolalia ardhi, na upande huo haukuota jua. Doa likiwa jeupe au la kijani hafifu, limechumwa mapema. Doa likiwa la njano iliyoiva, njano ya siagi, lilipewa muda wake shambani. Hii ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo ambayo muuzaji hawezi kuibadilisha. Baada ya hapo linganisha mawili ya ukubwa mmoja, ubebe lililo zito zaidi, maana uzito wa tikiti ni maji, na zaidi ya asilimia 90 ya tunda lile ni maji. Ganda la tikiti lililoiva pia huwa limefifia kidogo. Linalong'aa sana kama limepakwa mafuta, mimi huliacha.

Kugonga ni kwa mwisho. Najua kila mtu sokoni anagonga, na kuna mlio mzito, wa ndani, ambao sikio lililozoea linautambua. Ila mjomba wangu aliyelima matikiti Kibiti hakuwa anagonga hata moja. Alikuwa akiinama kwenye mzabibu wake, maana ndivyo alivyouita ule mmea unaotambaa, anatazama kijikono kilicho jirani kabisa na kikonyo cha tunda, kile kinachojisokota kutafuta pa kushika. Kikiwa kibichi, anapita. Kikishakauka na kuwa cha kahawia, anakata. Kwa hiyo ukikuta matikiti yaliyochumwa na kipande cha mmea bado kimening'inia, angalia hapo kwanza. Kijikono kikavu na doa la njano vikikutana, huhitaji kugonga chochote.

Na hapa niseme jambo linalowapotezea watu hela kila msimu. Embe unaweza kulinunua gumu likaiva ndani, papai vilevile, na parachichi, na ndizi. Tikiti haliivi likishakatwa kwenye mmea wake. Utamu liliokuwa nao siku lilipochumwa ndio utakaoukuta, hata ulifunike kwenye pumba mwezi mzima. Muuzaji akikwambia, "Dada, hili liache siku mbili litakuwa tamu," mshukuru kwa upole na uchukue jingine.

Kuna pia uvumi unaorudi kila mwaka kwamba matikiti yanachomwa sindano ya rangi au sukari, na watu wanatumiana picha za tikiti lenye nyufa kubwa katikati kama ushahidi. Nyufa zile zina sababu ya shambani. Ua la kike la tikiti hufunguka asubuhi na maisha yake ni ya siku moja. Siku hiyo nyuki wasipolitembelea vya kutosha, chavua inakuwa chache, na tunda likija kukua kwa kasi, katikati panashindwa kufuata mwendo wa ganda, panaachana. Tikiti la namna hiyo linalika na wala halina sumu. Mara nyingi ukingo wa ule ufa ndio mtamu kuliko sehemu zote. Ukilikuta, usilitupe. Ukikuta nyama ina harufu ya uchachu au imelainika na kuteleza kama uji, hilo ndilo la kutupa.

Ukilifikisha nyumbani, huna haraka. Tikiti zima, lisilo na jeraha, linakaa wiki moja au mbili kivulini mahali penye hewa. Hili ni tunda la Afrika tangu asili. Ndugu zake wa porini wapo Sudan, upande wa Kordofan, na kusini huko kwenye jangwa la Kalahari, Wasani, wenyeji wa tangu zamani wa jangwa hilo, wamekuwa wakiyategemea matikiti mwitu kama chanzo cha maji miezi ambayo mvua hazipo. Mbegu zake zimekutwa hata kwenye kaburi la farao Tutankhamun, aliyezikwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Ganda lile nene limeumbwa kuhifadhi maji palipo pakame, kwa hiyo chini ya kitanda chako Mbagala halitashindwa.

Ubaridi nao una kiasi chake. Friji ikilipiga barafu, ulimi unakufa ganzi na utamu hausikiki. Saa chache zinatosha. Kama huna friji, au umeme umekatika, fanya walivyofanya bibi zetu: lowesha gunia, lifunike tikiti, liweke pembeni mwa mtungi mahali upepo unapita, na uendelee kulimwagia maji kidogo kidogo. Maji yanapokauka kwenye gunia yanaondoka na joto. Jioni utakuta limepoa kiasi kinachopendeza mdomoni, na mimi binafsi ubaridi huu naupenda kuliko wa friji.

Kabla ya kisu, osha ganda. Naomba hili ulishike. Tikiti limelala shambani, limelala kwenye Fuso, limelala sokoni chini, na kisu kinachopita kwenye ganda chafu kinaingiza uchafu ule moja kwa moja kwenye nyama utakayowapa watoto. Sugua vizuri kwa maji safi, suuza, futa kwa kitambaa. Osha kisu. Osha mikono. Kwa sababu hiyohiyo mimi ni mgumu sana kwa vipande vya barabarani vilivyokatwa asubuhi na kuachwa juani mpaka alasiri, hasa kipindi ambacho kipindupindu kimetajwa mjini. Ukiwa na hamu na upo njiani, mwombe anayeuza akukatie hapohapo kutoka kwenye tikiti ambalo halijapasuliwa, kwa kisu ulichokiona kinaoshwa.

Sasa kukata, na hapa nina msimamo. Watu wengi hulikata tikiti kwa upana, pande za duara, kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine. Matokeo yake anayepewa kipande cha katikati anakula moyo, na anayepewa cha mwishoni anakula ganda na weupe. Sukari ya tikiti imejaa katikati, kule ndani kabisa, na inapungua kadiri unavyokaribia ganda. Kwa hiyo likate kwa urefu. Simamisha tikiti, punguza ncha mbili likae imara, teremsha kisu kutoka kwenye kikonyo mpaka chini. Lililoiva vizuri hukusaidia: kisu kikiingia vidole viwili tu, ganda linatangulia kupasuka lenyewe, "kraa", na harufu inakufikia kabla hujaona wekundu. Gawa nusu mara mbili, kisha endelea kugawa kwa urefu upate vipande virefu vyembamba. Sasa kila kipande kina kona yake ya moyo. Mtoto wa miaka mitano na mgeni wa heshima wanapata kitu kilekile. Nimeona ugomvi wa watoto ukiisha kwa kukata hivi, wala si kwa kuwakemea.

Usilikate vipande vidogo vya uma na kuvipanga kwenye bakuli, isipokuwa kwa mzee asiye na meno au mgonjwa. Na usilisage. Juisi ya tikiti si mbaya, ila inakuondolea kazi ya kuuma, na tikiti raha yake imo katika kuuma: meno yanazama, maji yanajaa mdomo mzima kwa mara moja, yanashuka kidevuni, yanafuata mkono mpaka kwenye kiwiko. Toka nje. Kaeni barazani au chini ya mwarobaini baada ya swala ya alasiri, jua likiwa limeanza kulegea. Inama mbele, miguu uitanue, acha yadondoke. Watoto wavueni mashati. Weka beseni la maji pembeni na ndoo ya maganda. Halafu ongeeni. Tikiti halina haraka, mtu anakula huku anasikiliza, na nimeona mazungumzo mazito ya kifamilia, yaliyoshindikana mezani, yakitoka yenyewe watu wakiwa wameshika maganda.

Jaribu chembe ya chumvi kwenye kipande cha pili, chembe kweli, na uone utamu unavyojitokeza. Wanaopenda wanaongeza pilipili ya unga na ndimu kama wafanyavyo kwenye embe bichi. Mbegu ukizimeza hazikudhuru, lakini zikusanye: zioshe, zianike, zikaange na chumvi kidogo kwenye kikaango kikavu, utakuwa na cha kutafuna kesho. Ganda wape mbuzi, kama jirani anao. Ile sehemu nyeupe yenye ugumu wa tango inafaa kwenye kachumbari, au kwenye achari ukiichemsha na siki, sukari na tangawizi.

Miaka hii Ramadhani imeangukia humuhumu kwenye joto, Machi mwaka 2025 na kuanzia Februari mwaka 2026. Kwa mfungaji, baada ya tende na maji, kipande cha tikiti kinateremka vizuri kuliko chochote chenye mafuta. Kitangulize, swali, ndipo urudi kwenye tambi, mihogo ya nazi na kaimati. Ukilila baada ya kushiba, tumbo litajaa maji na hutalifaidi. Vivyo hivyo usiku wa manane si wakati wake, utakesha ukienda chooni.

Wenye kisukari wananiuliza. Gramu 100 za tikiti zina sukari kama gramu 6 na kalori kama 30, ni kidogo, ila sukari yake inaingia upesi kwenye damu na ni rahisi mtu kula kilo nzima bila kujijua. Kipande kimoja chembamba, na upime baadaye. Mwenye ugonjwa wa figo aliyekatazwa potasiamu amuulize daktari wake kwanza.

Likibaki, lifunike vizuri, liingie kwenye friji, na lisizidi siku tatu. Bila friji, ligawe jioni ileile. Peleka nyumba ya pili.

Mvua za masika zikishaanza kumimina mwezi wa tatu mwishoni au wa nne, matikiti yatakuwa bado yapo sokoni, na bei itakuwa nzuri. Tunda lililonyeshewa sana siku za mwisho kabla ya kuvunwa hunywa maji mengi, na utamu unapwaya. Hayo ndiyo ya kusaga, na tangawizi na ndimu. Mimi wakati huo huwa nimeshaacha kubeba matikiti, nasubiri machungwa ya Muheza.